Migomba ya Pentekoste

Jumapili, 1 Juni

Leo nimeamua. Kiti cha Mzee Sikuli ni changu. Bado hakuna anayejua isipokuwa mimi na karatasi hizi, lakini mambo makubwa huanza hivyo.

Niandike vizuri, ili siku nikiwa maarufu watu wajue ilivyokuwa. Kila Jumapili baada ya misa tunapanda kwa Mama Kavugho, kwenye buvette yake, kilabu cha kasiksi kilimani, nyuma ya mikaratusi. Hakuna spika. Hakuna orkestra. Kuna ngoma moja na endara: mbao za kuchonga, ndefu hadi fupi, zimelazwa juu ya mashina mawili ya mgomba. Wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana, kila mmoja na vijiti vyake viwili. Anayejua anapiga. Asiyejua anaimba, au anakunywa. Ukungu unapanda polepole kutoka bondeni, kasiksi, pombe hiyo ya ndizi, inazunguka, sauti ya mbao inaingia kifuani kama maji ya moto, na mtu anasahau kabisa kwamba kesho ni Jumatatu. Kabla ya giza kila mmoja anateremka kwake. Siku hizi ndivyo tunavyoishi, na wala hatulalamiki.

Mzee Sikuli ndiye aliyepiga mbao za katikati, zile zinazobeba wimbo. Baada ya Pasaka binti yake akamchukua kwenda Beni, kule Mulekera, kwa sababu ya magoti. Tangu hapo kiti chake ni kitupu. Na mbele ya kiti hicho, upande wa pili, anakaa Katungu.

Katungu. Sitaandika mengi. Anashona nguo sokoni. Anapiga mbao ndogo, na akipiga anafumba macho nusu, kama mtu anayeonja mchuzi. Halafu anayafumbua na kumtazama aliye mbele yake, maana endara ndivyo ilivyo: usipomtazama mwenzako wa mbele unapotea. Atakayekaa kwenye kiti cha Sikuli atatazamwa na Katungu wimbo mzima. Kila Jumapili. Maisha yote, Mungu akipenda.

Mama Kavugho ametangaza leo kwamba Mzee Sikuli atakuja siku ya Pentekoste, barabara ikiwa nzuri, na atasema mwenyewe nani achukue vijiti vyake. Nikapiga makofi. Mama Kavugho akanigeukia. "Syauswa, makofi yako ni ya kufukuza kuku." Watu wote wakacheka, Katungu pia. Alicheka vizuri sana.

Jumatatu, 2 Juni

Siku nzima kwenye kibanda changu cha kuchaji simu. Ukungu umekaa mjini kama mgeni asiyetaka kuaga. Wateja wachache. Nikafumba macho kidogo. Simu zikaanza kulia, moja huku, nyingine kule, nyembamba, nzito, na mimi nikajiona katikati ya endara, vijiti mkononi, Butembo yote imekaa kimya kilimani na Katungu ananitazama. Nikaamshwa na mteja anayedai simu yake. Kumbe simu hiyo nilikuwa nimempa mtu mwingine. Tumeipata, ila kwa maneno mengi.

Sasa nifikiri kama mtu mzima. Mpinzani ni mmoja: Léon, mwalimu wa hesabu. Serikali ilimleta kutoka Kindu. Kila Jumapili anakaa nyuma ya wapigaji akigongagonga magoti yake kwa vidole, kimya kimya. Anamwuliza Katungu maswali. Ubao huu unaitwaje? Kwa nini huu unaingia baada ya ule? Na ameanza kusema "wasingya" kwa Kinande badala ya asante. Analisema vibaya, na watu wanampenda kwa hilo. Mimi nimelisema vizuri tangu kuzaliwa, hakuna aliyewahi kunisifu.

Tofauti yetu ni damu. Babu yangu alipiga endara harusi zote za upande wa Lubero. Kwa hiyo mimi sijafanya mazoezi hata siku moja. Mazoezi ni ya wageni.

Na nimekumbuka desturi ya kwa Mama Kavugho. Mashina ya mgomba yakikauka yanameza sauti, kwa hiyo sikukuu zote huletwa mapya. Atakayeyaleta ndiye anayezipanga mbao, na ndiye anayepiga wimbo wa kwanza katika kiti anachokitaka. Basi! Pentekoste nitaleta mashina mimi. Nitakaa kiti cha Sikuli mbele ya macho ya Sikuli. Atasemaje kwamba si changu?

Lakini Léon naye anaijua desturi hiyo. Kwa hiyo haitoshi mimi kuwa na mashina. Lazima yeye akose.

Jumanne, 3 Juni

Mgomba huzaa mara moja tu. Ukishatoa mkungu unakatwa, na shina linabaki shambani kwa mbuzi au kwa mbolea. Linatolewa bure kwa anayeliomba. Nimefunga kibanda na kuzunguka mtaa mzima, shamba kwa shamba, kila palipovunwa ndizi. Nikayachukua yote.

Tatizo ni maswali. Mtu mmoja akiomba shina moja, hakuna neno. Mtu huyohuyo akiomba kila shina la kilima, watu wanashika kiuno na kutaka kujua. Nikisema ni kwa endara, Léon atasikia kabla ya jioni. Ndipo nikapata jibu, nikajishangaa mwenyewe: nikasema ni ya parokia. Ya kupamba kanisa kwa Pentekoste. Kila mtu anajua shina la mgomba ni zuri kwa kuchomeka maua. Watu wakanisifu. Mmoja akasaidia kubeba. Mmama mmoja akasema hakujua kama nina moyo wa namna hiyo. Hata mimi sikujua.

Nimeyalaza nyuma ya nyumba. Tante Anne-Marie hakupendezwa. Huyu ni dada ya baba yangu, tunakaa naye tangu vita ilipofika Kayna, yeye na beberu wake. Alitembea naye kutoka kule kwa miguu, na anamheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Akaniuliza nataka kufungua shamba ndani ya jiji? Nikamwambia ni ya parokia. Akafanya ishara ya msalaba.

Shati langu jeupe la Jumapili limeingia utomvu mgongoni na kifuani. Sasa ni jeupe lenye ramani. Tante anasema utomvu wa mgomba hautoki, unazikwa nao.

Jumatano, 4 Juni

Aibu kidogo leo. Lakini nimeitengeneza.

Nilikuwa nimesahau mashina ya upande wa juu, karibu na barabara ya vumbi. Nikaazima chukudu, nikayapanga juu yake, nikayafunga kwa kamba. Chukudu ni mti mtupu na magurudumu mawili, breki ni kiatu chako. Kiatu changu cha kulia kimechoka. Tulipofika kwenye mteremko chukudu ikaniacha. Nikaikimbilia nikiiita, kana kwamba ingesikia. Ikaingia kwenye geti la shule, kamba ikakatika, mashina yakatawanyika uwanjani na wanafunzi wakatoka wote madirishani kwa furaha.

Ni shule gani? Ni shule anayofundisha Léon.

Akatoka na chaki mkononi. Hakucheka. Akaniuliza kama nimeumia, akakunja mikono ya shati, akaanza kubeba mashina mwenyewe. Akaniuliza ni ya nini. Nikamjibu ni ya parokia, Pentekoste. Akasimama akanitazama muda mrefu. Nikadhani amegundua. Kumbe alikuwa ameguswa. Akasema kwa Kiswahili chake cha Kindu kwamba alikuwa akiniona kama mtu wa mchezo tu, na anaomba nimsamehe.

Nimemsamehe. Adui akiomba msamaha, mpe. Inamlegeza.

Alhamisi, 5 Juni

Léon amekuja nyumbani! Nilimwona kwenye njia, nikafunika mashina kwa shuka. Yalionekana kama watu wamelala. Tante akamkaribisha chai kabla sijasema neno.

Alikuja kuniambia mambo mawili. La kwanza, alitafuta mashina ya endara, akakosa kila mahali, na kila mtu alimjibu kwamba Syauswa ameyachukua kwa ajili ya Kanisa. Basi akaona vizuri: Kanisa kwanza. Hataki hata moja katika yale. Nikamwambia ni uamuzi wa busara.

La pili, kwamba amemweleza Rébecca habari zangu. Rébecca ni kiongozi wa shirika letu la parokia. Mwanamke huyo akisikia neno "sadaka" anasimama hata akiwa usingizini. Nikamwuliza kwa upole kwa nini amemwambia. Akajibu kwamba jambo zuri lisifichwe.

Halafu akatoa simu na kutuonyesha mke wake, Aurélie, na watoto wawili, mbele ya nyumba yao Kindu. Akasema siku za kazi zinapita, ila Jumapili mchana ni ndefu mno kwa mtu aliye mbali na kwao, na hakuna mahali anapojisikia nyumbani isipokuwa pale nyuma ya endara. Tante akamwongezea chai na viazi. Mimi nilitaka kusikitika, na nadhani nilisikitika. Nikiwa kitandani nikagundua: ni mbinu. Mtu anayetaka kiti atasema chochote.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya msiba.

Asubuhi mlango ukagongwa. "Tumsifu Yesu Kristu." Rébecca, na nyuma yake vijana wa kwaya na chukudu mbili, na maua meupe ya bondeni yamejaa kapu baada ya kapu. Akanishika mikono yote miwili. Akasema parokia nzima inaniongelea. Akasema amekuja kunipunguzia mzigo, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

 Tante alikuwa amesimama mlangoni ametoa macho kwa fahari, na majirani wote nje. Nikasema karibuni. Nikawasaidia kupakia! Wakayachukua yote. Nikasimama njiani nikayatazama yakipanda kilima, na ukungu ukayafunika moja moja.

Sikukata tamaa. Mtu wa mipango ana akiba. Mawili mazuri nilikuwa nimeyaficha nyuma ya choo, chini ya majani makavu. Nikaenda.

Beberu alikuwa amesimama juu ya mashina hayo. Anatafuna. Ameanza katikati, penye utamu, na amefika mbali. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki usiku wa kuamkia Pentekoste. Hakuacha kutafuna. Tante akasema nimwache mnyama wa watu, naye ana sikukuu.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Niandike polepole. Siku kama ya leo haiandikwi kwa haraka.

Misa. Kanisa limejaa hadi nje. Na mashina yangu! Yamesimama altareni, mlangoni, kila nguzo, yamejaa maua meupe yanayotetemeka kila mtu akipita. Sikuwahi kuona kanisa letu hivi. Nilijisahau, nikadhani nimeota. Kabla ya baraka padri akataja jina langu na kunisimamisha. Watu wakanipigia makofi, makofi ya kweli, si ya kuku. Nilisimama na shati langu la ramani. Katungu aligeuka kutoka benchi la mbele. Akanitabasamia. Si tabasamu la kunicheka. Jingine. Laiti nyakati zile zingegandishwa pale, ningekuwa mtu mwenye heri kuliko wote Kivu.

Mchana tukapanda kwa Mama Kavugho. Jua jembamba, ukungu kwenye mikaratusi, watu wengi. Mzee Sikuli amefika, barabara ilikuwa nzuri. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yamefunikwa kitenge, analalamikia basi, analalamikia vumbi la Mulekera, analalamikia kwamba kule kasiksi wanaitia maji. Mbao za endara zimelala chini, zinasubiri. Mashina hakuna. Watu wanatazamana.

Nami nikatulia kabisa. Nilijiambia kama mimi sina, Léon naye hana. Hakuna atakayekalia kiti leo. Sare.

Ndipo Léon akatokea kwenye njia, na mashina mawili begani.

Yangu. Niliyajua mara moja. Yalikuwa bado na maua. Rébecca alimzawadia yale ya mlangoni baada ya misa ya mwisho, kwa kuwa jana alishinda kanisani akisaidia kupanga maua. Wakati mimi nilikuwa ninagombana na mbuzi!

Hapo ulimi ukanitangulia. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mashina yale ni yangu, nimeyakusanya mimi, nimeyabeba mimi, desturi ni desturi. Mtu mmoja akasema nilikuwa nimeyatoa kwa parokia. Nikasema hapana, parokia ilikuwa maneno tu, yalikuwa ya kiti tangu mwanzo!

 Hata Mzee Sikuli akaacha kulalamika.

Mama Kavugho akaweka jagi chini. "Donc weye njo ulikamata migomba ya bantu bote sababu ya kiti?"

 Sikumtazama Katungu. Nilitazama viatu vyangu, nikaona kile cha kulia kimefunguka mbele. Kicheko kikaanza kwa mtu mmoja kikaenea kama mvua inavyoenea juu ya mabati. Léon peke yake hakucheka. Akayalaza mashina chini, sambamba, taratibu, akasema ni kweli, aliyeyakusanya ni Syauswa, wimbo wa kwanza ni wake. Akarudi nyuma, mahali pake. Hilo ndilo jambo baya alilonifanyia leo.

Basi nikapata nilichokitaka. Kilikuwa changu.

Nikazipanga mbao. Kati ya ubao na ubao huchomekwa kijiti kwenye shina, ili mbao zisitembee. Léon akainama akaninong'oneza nichomeke mahali papya, kwa maana matundu ya maua ni mapana. Nikamwambia asinifundishe mambo ya babu yangu. Matundu yalikuwa tayari, kwa nini nitoboe mengine? Nikatoa ua, nikachomeka kijiti. Maua mengine niliyaacha, yalipendeza.

Nikakaa. Mzee Sikuli akanipa vijiti vyake. Akanitazama mikono. "Unavikamata sawa kijiko ya fufu," akasema, yaani kama mwiko wa ugali. Lakini akanipa.

Katungu akakaa mbele yangu.

Akafumba macho nusu. Akaanza mbao ndogo, pole, kama matone ya mwisho baada ya mvua. Wa pembeni wakaingia. Ngoma ikaingia. Akafumbua macho akanitazama, nami nikamtazama, na wimbo ukaanza kutembea. Sijui nieleze vipi. Kilima kilikuwa chepesi. Harufu ya maua na ya ndizi. Nilisikia mbao za katikati zikijibu, nzito, tamu, jinsi babu alivyopiga, na nikasema moyoni: ndiyo hii, damu haisahau, ninapiga, mikono yangu inajua. Nilikuwa ninapiga vizuri kuliko mtu yeyote. Ningebaki hapo hadi mwisho wa dunia.

Halafu nikaona Katungu ananionyesha kitu kwa kidevu. Nikatazama chini.

Mikono yangu ilikuwa hewani. Nilikuwa sijapiga hata ubao mmoja.

Nikashusha mikono kwa nguvu zote ili nifidie. Kijiti cha kuzuia mbao kikachomoka kwenye tundu lake pana, ubao ukaruka, ukazunguka juu ya kichwa cha Mzee Sikuli na kutumbukia ndani ya chungu cha kasiksi. Wa pili ukafuata chini ya meza. Pombe ikamrukia kila mtu wa mstari wa mbele.

Mzee Sikuli akalamba mkono wake. Akasema hii walau haina maji. Kisha akaonyesha kidole nyuma yangu, kwa Léon.  

Léon akautoa ubao kwenye chungu, akaufuta kwa shati lake, akachomeka vijiti vyote mahali papya. Akakaa.  Nami nikasimama nyuma yake, pale alipokuwa akikaa yeye, mahali pa watu wasio na kiti.

Wakapiga. Sitaki kuandika, lakini nitaandika. Ilikuwa nzuri. Mbao za katikati zilijibu kama nilivyozisikia katika ndoto yangu, hasa hasa, ila sasa kila mtu alizisikia. Mama Kavugho alilia na kusingizia moshi. Mpiga ngoma alipiga kwa raha hadi ngozi ya ngoma ikapasuka, na hakuna aliyeacha kupiga. Nikafumba macho. Kwa wimbo mmoja mzima nikawa ni mimi. Halafu nikayafumbua, nikaona mgongo wa Léon. Niliumia. Ndilo neno lenyewe, niliumia.

Wakati wa kuteremka Katungu akanifikia njiani. Nilidhani atanicheka. Akatembea kando yangu hadi kwenye mikaratusi. Kisha akasema: "Ukuye mercredi kwa Mama Kavugho, nyuma ya kazi. Nitakufundisha. Tutaanza na mbao mbili tu." Akafikiri kidogo. "Utakaa mbele yangu."

Akageukia njia ya kwao. Nilisimama pale hadi ukungu ukanifunika viatu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya. Jana nilikuwa karibu kukata tamaa. Upuuzi.

Nimechunguza mambo yote, na kosa nimeliona: mashina. Ni mali ya kila mtu, yanaoza, yanaliwa. Mtu hajengi maisha yake juu ya mgomba. Nilihitaji kitu cha kudumu.

Na asubuhi nikampitia Mama Kavugho kuomba radhi kwa kasiksi, akaniambia jambo. Ngoma inahitaji ngozi. Na desturi ni ileile: atakayeleta ngozi ndiye atakayeipiga siku ya kwanza. Nikauliza ngoma inakaa wapi hasa, kwa maana sikuwahi kuangalia. Akanionyesha. Kando ya Katungu. Si mbele, kando kabisa, bega kwa bega! Jamani, nilikuwa ninahangaikia kiti kibaya wakati wote huu. Na ngoma ni nyepesi. Haina mbao za kuruka. Babu yangu bila shaka alipiga ngoma pia.

Katungu nimempelekea ujumbe kwamba Jumatano sitaweza, nina kazi kubwa. Atanielewa baadaye. Mtu hawezi kwenda kufundishwa mbao mbili kama mtoto, wakati siku hiyohiyo mchinjaji ana nafasi.

Maana ngozi nimeshaiona. Iko nyuma ya nyumba, imesimama juu ya miguu yake minne, inatafuna shati langu la ramani kwenye kamba, na inanitazama.

Ilibaki Tante. Kumwambia ni kwa ngoma, hapana, nimeshajifunza kutosema ukweli mapema. Nikamwambia ni kwa parokia. Sadaka ya shukrani. Alikaa chini akalia kidogo, akasema Mungu aliyemtoa Kayna salama na beberu wake anastahili kurudishiwa kitu. Akanibusu paji la uso. Hajawahi.

Akajifunga kitenge chake kizuri, akatoka haraka. Amekwenda kumpa Rébecca habari.